Masinia Kumi Tu

Jumatatu, 11 Septemba

Leo nimeapa, tena nikiwa na mkate mkononi. Binti yangu Ufaira amekubali kuolewa na yule mwalimu wa Baramulla, ila kwa sharti. Harusi iwe ndogo. Watu arobaini, masinia kumi, basi. Na siku yenyewe anataka tukae chumba cha juu, yeye, mimi, mama yake na bibi yake, wanne, tule sinia moja kabla hajaondoka. Anasema kwenye harusi ya binti wa Baba Mkubwa Altaf, bibi harusi alishinda na njaa shingo imepinda, na baba yake hakutia hata tonge mdomoni kwa kukimbizana na wageni. "Baba, mimi sitaki kuagwa na mtu anayehema," kaniambia. Machozi yakanilenga. Nikaapa.

Halafu nikafikiri vizuri, nikafurahi zaidi. Altaf ni mtoto wa baba yangu mkubwa na jirani yangu ukuta kwa ukuta. Tangu alipoilisha nusu ya mji wetu wa Srinagar mwaka jana hajafunga mdomo. Kwa wingi simwezi. Kwa ufahari nitamweza! Wachache, lakini zafarani kila mahali. Masinia ya shaba ya babu yapakwe bati upya. Karatasi ya dhahabu juu ya kababu, si ya fedha kama yake. Altaf asialikwe. Ila dirisha lake linatazama bustani yetu, kwa hiyo ataona kila kitu. Sijui kwa nini watu husema mimi sina akili.

Jumanne, 12 Septemba

Mpishi mkuu, Ustadi Khazir, kaja na masharubu yake. Kauliza masinia mangapi. Nikasema kumi. Kauliza kama hayo kumi ni ya kuonjea. Nikasema ndiyo yote. Akaketi taratibu kama mtu aliyeletewa habari za msiba, akaomba maji.

Kisha akanikumbusha kwamba sinia lake ni la watu wanne. Si watatu, si watano. Ndivyo alivyopakua baba yake na babu yake. Nikasema kwani mimi ni mgeni hapa? Tukahesabu. Arobaini na mmoja! Aliyezidi ni Mjomba Samad, ndugu wa mama, kiziwi, na hasahau asipoalikwa. Mke wangu, Hajra, akasema abanwe sinia moja na wanne wengine. Khazir akasimama akatafuta viatu vyake. Na kumkalisha mzee wa watu peke yake na sinia zima haiwezekani. Kwetu mtu anayekula sinia peke yake ama amelaaniwa ama ni mkaguzi wa kodi. Nimemwongezea kinyozi na wawili wa msikitini wamsindikize.

Kumi na moja. Kumi na moja ni kama kumi tu. Sikuona haja ya kumsumbua Ufaira.

Alhamisi, 14 Septemba

Balaa kwa muuza mikate. Nilikwenda mwenyewe asubuhi, Altaf yuko pale kabla yangu, mikono ndani ya joho, kikapu cha makaa ya kujipasha moto tumboni na baridi yenyewe haijaanza. Kauliza mbele ya watu wote kadi yake iko wapi. Nikasema kwa madaha kwamba tunafanya jambo dogo, la kifahari, kama wanavyofanya wakubwa siku hizi. Nilitegemea aumie. Badala yake kanishika bega! Kaniambia kwa sauti ya hospitali, "Majid, mdogo wangu, kama hali ni ngumu si useme? Mimi ni nani kwako?"

Foleni nzima ikanihurumia. Bibi mmoja akanipisha mbele.

Nilianza kurudi nyumbani. Nikageuka njiani, nikarudi, nikamwalika muuza mikate ili ashuhudie kwa macho yake hiyo karatasi ya dhahabu na aitangaze. Yeye na wenzake watatu wa tanuri, bila shaka. Kumi na mbili.

Ijumaa, 15 Septemba

Altaf ametangaza. Baada ya swala, watu walinipa mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mchana wakaanza kuja. Mjane wa ng'ambo ya daraja na kapu la vitunguu vyekundu. Muuza maziwa na mtungi wa mtindi. Fundi wa kupaka rangi shali, ambaye hatujasemezana vizuri tangu ugomvi wa mfereji, kaja anavuta kondoo! Kasema binti wa Majid ni binti wa mtaa, hawezi kuolewa kwa aibu. Nikajaribu kueleza kuhusu ufahari. Akanipigapiga mgongoni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuguswa.

Nikamwambia Hajra tupokee tushukuru, mambo yaishie hapo. Hajra kanitazama. "Baba Ufaira, mtu amekuletea kondoo. Utamla kondoo wa watu bila mwenyewe?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi najenga ukuta. Mjane na binti zake watatu, muuza maziwa na ndugu zake, fundi na mafundi wake. Nimeacha kuhesabu watu, nahesabu masinia tu, maana masinia ni machache.

Jumapili, 17 Septemba

Ufaira kaniuliza wakati wa chai ya chumvi kama bado ni kumi. Nikasema tuko palepale. Si uongo: kweli sisi bado tunaishi palepale. Akanibusu mkono.

Lazima nitafute njia. Bustani yetu inapokea masinia kumi, tukibanana kumi na mawili. Khazir leo kaja anaimba. Anasema tumefika masinia arobaini, na kwamba sasa anaanza kuniheshimu.

Usingizi hauji. Natazama bustani, miti miwili ya jozi na ukuta. Ng'ambo ya ukuta, bustani ya Altaf, pana, tupu, nyasi zimekatwa vizuri.

La hasha! Siwezi.

Jumatano, 20 Septemba

Nimeweza. Hesabu yangu ni hii: kwetu wakae kumi, kama nilivyoapa. Waliozidi wakae ng'ambo ya ukuta. Hapo Ufaira akichungulia dirishani ataona masinia kumi, na kiapo changu kitasimama. Kilichobaki ni kumwomba Altaf.

Nilifikiri atanitesa. Hakunitesa, na hilo ndilo lililoniuma. Kanipa chai ya zafarani, zafarani nyingi, nyingi kuliko niliyoagiza mimi. Kaniambia bustani ni yangu, hema ni langu, mazulia ni yangu. Sharti lake moja tu. Kwa kuwa watu watakuwa kwake, yeye ndiye atasimama langoni kuwapokea, "maana mgeni anamtazama aliye mlangoni, si ndiyo, mdogo wangu?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Kwa hiyo Altaf, ambaye hakualikwa, sasa ni mwenyeji wa masinia thelathini ya harusi yangu. Hajra alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama yangu, ambaye husikia anachotaka, akauliza kama yupo bado mtu wa kuolewa au ni sherehe ya Altaf.

Ijumaa, 22 Septemba

Leo kazi ya kuponda nyama. Nilikuwa nimesahau kelele! Mtoto yeyote wa mjini hapa akisikia nyundo za mbao zikipiga nyama juu ya mawe anajua ukubwa wa harusi. Nyundo mbili, harusi ya watu arobaini. Khazir kaja na wapondaji wanane.

Nikapata wazo. Rafiki yangu ana nyumba ya kuelea ziwani, imefungwa, hana wapangaji. Nikawapakia wapondaji, mawe na kondoo kwenye mashua, nikawapeleka huko wakaponde mbali na masikio ya Ufaira. Khazir akasema hajawahi kuona mwendawazimu mwenye adabu kama mimi.

Nani angejua kwamba maji hubeba sauti hivyo? Pa-pa-pa-pa ikapiga mlima upande wa pili ikarudi mara mbili. Nyundo nane zikawa kumi na sita. Ziwa zima likajua. Wauza mboga wakasogeza mashua zao kutoa pongezi na kuuliza ni mtoto wa waziri gani anayeoa. Wawili nimewaalika, na wake zao, ili tu wanyamaze.

Nikarudi nyumbani. Ufaira alikuwa juu ya paa, mikono na hina, ametega sikio. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Kaniona. Alishuka akaniwekea chakula, akaniambia nile kabla hakijapoa. Afadhali angenipigia kelele.

Kesho nitamwambia ukweli wote.

Jumamosi, 23 Septemba

Sikupata nafasi. Ilibidi nisimamie hema la Altaf, maana alikuwa anaweka taa nyingi upande wake.

Jumapili, 24 Septemba

Naandika huku mkono unanuka zafarani na jicho limevimba.

Asubuhi yote ilikuwa shwari. Bwana harusi kafika na watu wake, wapole, wakakaa bustanini kwetu, masinia kumi, picha tupu! Nikapanda chumba cha juu kuwaonyesha wa kwetu kutoka dirishani. Ufaira alikuwa amekaa na mama yake na bibi yake, sinia la shaba katikati, kifuniko juu. Nafasi ya nne wazi. Nikasema nanawa mikono tu, naja. Niliamini hivyo, Mungu ni shahidi.

Nikiwa ngazini nikasikia kicheko kutoka ng'ambo. Nikachungulia. Altaf langoni, kilemba kipya, anapokea pongezi! Fundi wa shali anamshukuru kwa ukarimu wake! Muuza mikate anaonyeshwa karatasi ya dhahabu, yangu, naye anasema Altaf hajambo. Nikaruka ukuta. Mtu wa umri wangu, joho la harusi, ukuta.

Nikachukua birika la kunawisha wageni mikono, nikapita sinia hadi sinia nikijitambulisha. Huku nasema karibuni, mimi ndiye baba wa bibi harusi. Wauza mboga wa ziwani wakaniambia nipitishe maji haraka, nisipige domo. Nikarudi mwanzo nikaanza tena. Mbavu zikapita, kababu zikapita, nyama ya pilipili nyekundu ikapita, nami bado nawanawisha watu waliokwisha nawa. Mara nikaona wapakuaji wanatoka na gushtaba, lile tufe la nyama kwenye mtindi. Gushtaba ikija, karamu imekwisha. Baada yake ni kunawa na kuaga.

Ufaira!

Niliruka ukuta tena, ndipo jicho likakutana na tawi. Nikapanda ngazi mbili mbili. Nikafungua mlango ninahema.

Kifuniko kilikuwa kimeondolewa. Wanne walikuwa wanakula. Wa nne alikuwa Altaf.

Mama yangu ndiye aliyemkamata. Altaf alipanda kuuliza kama chumvi imekolea, mama akamshika joho akasema sinia halifunuliwi kwa watatu na yeye ana njaa tangu alfajiri, keti. Akaketi. Na sasa huyo Altaf, domo la mtaa, alikuwa analia. Si kwa maringo. Analia na tonge mkononi, anamwambia Ufaira kwamba siku ya binti yake mwenyewe hakula naye, alikuwa langoni, na binti akaondoka na mkate mfukoni. Hajra anampa leso. Nilitaka kumchukia, sikuweza.

Ufaira kaniambia, "Tulikungoja, Baba, mpaka mafuta yakaganda." Hakusema kwa ukali.

Nikataka kuketi. Khazir, aliyekuwa mlangoni na chungu, akakohoa. Sinia ni la wanne. Altaf akaanza kuinuka, mama akamrudisha chini. Basi nikasimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Ufaira akachana nyama ya ubavu, ule upande wenye ngozi laini ninaoupenda, akainuka na mapambo yake yote, akanilisha kwa mkono wake. Mkono wenye hina. Alifanya hivyo kama nilivyokuwa nikimlisha mimi alipokuwa mdogo na homa. Nililia. Nikasema ni pilipili. Mama akasema kipande hicho hakina pilipili.

Wakaondoka kabla ya jua kuzama. Aliniaga na mimi bado ninahema.

Jumatatu, 25 Septemba

Nyumba kimya. Mazulia ya Altaf yamerudishwa. Mjini wanasema Altaf amemwozea ndugu yake masikini. Nimewaacha waseme. Nimekaa asubuhi nzima chini ya mti wa jozi na kujiambia ukweli: binti yangu aliniomba kitu kimoja, nami nilikuwa nawanawisha mikono wauza mboga. Nimetubu. Nimekuwa mtu mwingine.

Jumapili ijayo Ufaira na mumewe wanakuja kula kwetu, kama desturi. Hapa ndipo nitakaporekebisha. Kidogo, kizuri, sinia moja tu! Ufaira, mumewe, Hajra, mama. Na mimi.

Watano.

Hajra anasema sisi ni watu wa nyumbani, kila mtu ale kwenye sahani yake ya kawaida, nani anajali. Sahani za kawaida! Mkwe mpya, na dirisha la Altaf liko pale pale! Haiwezekani. Masinia mawili. Waketi wao wanne, mimi nichukue la pili, karibu kabisa, hatua chache tu. Kwa hiyo nahitaji watatu wa kunisindikiza. Mjomba Samad, hana maneno. Kinyozi. Na muuza mikate, ili safari hii aone vizuri nani mwenye nyumba. Kinyozi atataka kuja na ndugu yake, lakini hilo linazungumzika.

Nimemwita Khazir nikamwambia masinia mawili tu. Kauliza kama atangulize wapondaji ziwani.