Ngome ya Dobi

Alhamisi, 9 Mei
Siku ya heri! Bosi amesafiri kumuuguza mama yake. Mlangoni akanigeukia mimi, si shemeji yangu mpiga pasi, mimi! Akasema kwa Kiingereza: "Hold the fort." Nikapiga saluti. Kisha nikajifungia chooni na kamusi. Fort: ngome. Hold: shika, zuia. Kumbe nimekabidhiwa ngome! Nilijua tu, duka hili la dobi lilikuwa linahitaji jemadari.

Shemeji anadai maana yake ni niangalizie duka mpaka nirudi, basi. Wivu huo. Jioni mke wangu kamuunga mkono. Atakosaje? Kaka yake.

Ijumaa, 10 Mei
Ulinzi shwari. Meza ya pasi nimeiegemeza mlangoni, juu yake magunia ya mashuka ya hoteli. Wateja wamejaribu kuingia tangu asubuhi. Hakupenya hata mmoja! Shemeji akauliza nguo za watu zitatokaje. Nikamkumbusha kuwa askari hahoji.

Jumamosi, 11 Mei
Shambulio! Bwana harusi kafuata suti yake, ndoa saa nane. Nikamjibu dirishani: ngome haifunguliwi. Akabembeleza. Akatukana. Mwisho akalia, mwanamume mzima! Nikakaza uso. Mara nasikia kishindo nyuma. Shemeji kaitupa suti nje kupitia dirisha la choo! Msaliti ndani ya ukoo! Bwana harusi akatimua mbio, suti begani, bila hata kuniaga.

Jumatatu, 13 Mei
Bosi karudi. Mvua inamnyeshea, nami nikamwomba neno la siri. Akataja maneno mengi, hakuna hata moja la siri. Nikafungua kwa heshima tu.

Akatazama magunia. Akauliza aliniambia nini hasa. Nikamweleza yote, kifua mbele. Akakaa juu ya gunia, akajifunika uso. Furaha bila shaka. Halafu akatamka, kwa Kiingereza tena, kwamba mimi ni "white elephant" wa duka hili.

Tembo mweupe! Shemeji akadakia eti maana yake ni kitu cha gharama kubwa kisicho na faida. Maskini, hajui hata kusoma nyota ya mwenzake. Tembo: mkubwa kuliko wanyama wote. Mweupe: adimu! Ndiyo maana kesho nahamishiwa chumba cha nyuma, kukunja soksi. Mnyama adimu haanikwi kaunta.

Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Tembo. Kazima taa, kanigeuzia mgongo. Tembo huachiwa nafasi kitandani.