Kati ya Mvua ya Kwanza na Ua la Asubuhi

Tapeli aitwaye Sukari Guru alipoziona chupa mbili tupu kwenye pipa la taka la saluni, alizibeba kama kaokota mapacha. Moja imeandikwa Mvua ya Kwanza, nyingine Ua la Asubuhi: manukato ya majira ya machipuko, na kiwanda kilishaacha kuyatengeneza. Akazijaza zote kutoka beseni moja, maji yaliyochanganywa na sabuni ya kufulia yenye harufu. Kisha akavaa koti lake. Naomba tuliheshimu koti hilo. Bila koti, angekuambia moto unaunguza na usingemsadiki.

Akaenda dukani kwa shangazi mmoja muuza makoti ya mitumba, mwenye bangili nzito ya dhahabu.

"Shikamoo, shangazi. Zimebaki hizi mbili tu duniani. Chagua moja, unipe bangili."

"Marahaba, mwanangu." Shangazi akalitazama koti kwanza, chupa baadaye. "Kwa nini moja?"

"Nyingine ina mtu wake."

Hapo ndipo penye ujanja, jamani: mtu akishaanza kuchagua, hakumbuki tena kukataa.

Shangazi akajipulizia Mvua ya Kwanza, akafumba macho, machozi yakamtoka. "Marehemu mume wangu alinukia hivi siku ya posa!" Akajaribu Ua la Asubuhi, akakunja uso. "Ah, hii ya mbwa aliyeloa. Nipe ile." Na bangili ikaanza kuvuka kiganja.

Mwenye akili timamu angeipokea akatokomea. Lakini Sukari Guru alikuwa ameyasifia manukato yale njia nzima, na beseni alikwishalisahau. Akanusa. Lahaula! Mvua ya Kwanza ilikuwa bora kweli! Moyo ukamwuma.

"Shangazi, chukua hii ya Ua. Imetulia, ina heshima zake."

"Ya mbwa? Una wazimu? Nimeshachagua."

"Basi ile siuzi!"

"Ebo! Umeniliza mchana kweupe, umenikumbusha marehemu, halafu unaninyima?" Shangazi akaishika chupa, naye akaishika, wakavutana kama watoto wa mama mmoja. "Nitapiga yowe, watu wajae hapa! Au vua hilo koti uniachie, ubaki na chupa zako, tusameheane."

Akalivua. Wallahi alilivua, tena upesi, akihofia shangazi atabadili mawazo.

Huyo akaondoka na singlendi, chupa kifuani. Hatua chache mbele akamsimamisha bwana mmoja mnene, akaanza, "Mzee wangu, zimebaki mbili tu duniani..." Bwana yule akamtazama singlendi, akashika mfuko wake na kuvuka barabara.

Dukani, pazia la nyuma likafunguka. Akatoka mwanamume ameshika pasi ya moto.

"Nimesikia yote, mke wangu. Hivi siku ya posa nilinukia nini?"

"Jasho," akasema shangazi, akimtupia koti. "Haya, marehemu, nyoosha hili. Lina mteja."