Saa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kocha amenidhalilisha mbele ya klabu nzima. Kasema nakimbia kwa nguvu kila siku, ndiyo maana siendi mbele. Eti siku nyingi tukimbie polepole, mtu aweze kupiga soga bila kuhema, nguvu tuziweke kwa siku moja au mbili za wiki. Timu ya mbio ndefu imebakiza nafasi moja. Tunaigombea mimi na shemeji yangu, fundi cherehani, mtu wa kukaa kutwa. Yeye kakubali papo hapo. Mnafiki.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi ya soga. Shemeji kanisimulia harusi ya mteja wake njia nzima, mpaka rangi ya vitambaa vya meza. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani katupita. Damu imenichemka. Kocha ametuvisha saa za kupima mapigo ya moyo, atazikagua kila jioni. Hapo nikapata akili.

Jumatano, 5 Machi
Saa nimemvalisha mama mkwe, tunayeishi naye. Nimemwambia inapima presha. Kaenda nayo sokoni kwa maringo yake. Mimi nimepanda kilima mbio hadi nikatapika. Jioni kocha kaitazama saa, kasema hatimaye nimekua.

Ijumaa, 7 Machi
Kilima tena. Miguu mizito kama magogo. Ni nguvu zinaingia. Saa imeonyesha mapigo yamepanda ghafla mchana. Kumbe mama mkwe kagombana na muuza nyanya. Kocha kafurahi: taratibu siku zote, kisha siku moja ya moto, hivyo ndivyo alivyotaka.

Jumapili, 9 Machi
Mbio za mchujo. Asubuhi mama mkwe kakataa kata kata kuivua saa. Nikaenda bila. Nimeongoza mpaka katikati, miguu ikagoma. Shemeji kanipita akipiga soga na mtu. Soga! Nimefika wa mwisho, nachechemea. Mama mkwe, aliyekuja kumshangilia mwanawe, alikuwa amemwinulia kocha mkono, akimuuliza presha yake inasemaje. Kocha kanitazama mimi, kaitazama saa, kanitazama tena. Shemeji kapewa nafasi. Mama mkwe kaalikwa klabuni. Mimi nimeambiwa nipumzike. Sijawahi kuwachukia watu watatu kwa mpigo namna hii.

Jumatatu, 10 Machi
Sijalala kwa hasira, lakini kosa nimeliona. Nilimwamini mtu mwenye mdomo. Kesho saa namfunga paka, na kilima napanda mara mbili.