Jinsi Redio Alivyonyamaza Kikombe Kizima cha Chai

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye kamera za gharama na enyi wenye simu zilizopasuka vioo! Acheni kwanza mliyokuwa mkiyafanya, wanyamazisheni watoto, kwa maana habari hii si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimuliwa miji iliyozingirwa na majemadari waliovuka mito wakiwa na panga mikononi. Hapa vinasimuliwa vita vikali kuliko hivyo, vita vilivyopiganwa ndani ya kinywa kimoja, nyuma ya meno, mchana kweupe, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya shule. Na aliyevipigana ni msusi mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye wenziwe walimwita Redio.

Nawe Subira, ewe usiyepata kukanyaga saluni ya mwanamke huyu hata kwa bahati mbaya, njoo leo usimame karibu na simulizi, maana pasipo wewe hakuna lililotendeka.

Redio, bibi wa vitana, malkia wa mashine ya kukaushia nywele, mchoraji wa mistari iliyonyooka juu ya vichwa vya watu, hakulipata jina lake bure. Kazi ya kusuka huchukua nusu ya siku, na mteja asiyezungumzishwa husinzia, kichwa kikaenda upande na mstari ukapinda. Basi tangu usichana wake alizoea kuongea mikono ikifanya kazi, akaongea mvua na jua, ndoa za watu na bei ya mafuta ya nywele, hata ikafika mahali ulimi wake ukawa hauna swichi. Saluni ikifungwa aliongea na ufagio.

Mwanamke huyo alipenda kupiga picha. Kila Jumamosi alasiri alipanda ngazi kwenda kwenye chama cha wapenda picha, ambacho wanachama wake walikula kwa kazi nyingine na kushiba kwa picha. Na chama kilikuwa na sheria moja iliyozipita zote. Picha zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, bila jina la mpigaji. Kwa kila picha, Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, alijimiminia kikombe cha chai, na muda wote alipokuwa akikinywa wanachama waliisema picha ile: wanachokiona, kinachowagusa, kinachowakera. Chai ikiisha, aligonga kikombe kwa kijiko, ndipo mwenye picha alipojitokeza na kusema yake. Lakini ole wake aliyefungua mdomo kuitetea kabla ya kijiko! Picha yake ilishushwa papo hapo, ikalazwa kifudifudi mezani, wala hapakuwa na mtu wa kuisema tena.

Mmekwisha kujua yaliyompata Redio. Picha zake zote zililala kifudifudi. Ile ya paka juu ya ndoo alianza kuieleza kabla kibanio hakijashika vizuri. Ile ya viatu vya harusi ilidumu mafunda mawili, ikaanguka. Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini akirudi nyumbani moyo ulimuuma kweli. Katika muda wote wa uanachama wake hakuwa amepata kusikia watu wanaona nini katika kazi yake. Alitaka kujua jambo hilo moja tu: yeye akinyamaza, picha yake ina la kusema, au ni yeye tu aliyekuwa akiisemea?

Ikawa Jumamosi moja akaja na picha ambayo hakutaka kabisa ianguke. Juzi yake mama mkwe wake alikuwa amekuja saluni kusukwa. Mama huyo, tangu Redio aolewe, hakuwahi kumsifia pishi, usafi wala malezi. Akija kusukwa alikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akainuka, akajitazama kiooni, akaguna, akaenda zake. Redio aliongea kwa niaba ya wote wawili. Siku hiyo, kazi ikiwa nusu, jua la dirishani liliangukia kisogo cha mama, upande mmoja mistari imekaa sawasawa, upande wa pili mvi zimesimama huru, na Redio akajikuta anaomba ruhusa.

"Piga," akasema mama mkwe bila kugeuka. "Ila uso wangu usionekane. Mimi si tangazo la sabuni."

Basi picha ilionyesha kisogo, shingo iliyoinama, mabega, na sikio moja ambalo nusu yake ilibaki nje.

Mwenyekiti akaitundika kwenye kamba, akajimiminia chai. Na chai ya siku hiyo, enyi wasikilizaji, ilikuwa imetoka jikoni dakika hiyohiyo. Mvuke wake uliifunika miwani ya mzee. Redio alipouona mvuke ule, akajua kikombe hicho kitanyweka polepole mno.

Funda la kwanza! Akainuka Fundi Saa, tabibu wa mishale, mwokozi wa saa zilizozimika, ambaye miwani yake ya kuonea mbali ilikuwa imebaki kibandani kwake.

"Enyi wapenda picha!" akanena kwa sauti kuu. "Nimeona mashamba, lakini hili ni shamba! Tazameni matuta yalivyonyooka! Kushoto kumelimwa, kulia bado ni pori. Aliyepiga hii alikuwa juu sana. Mimi nauliza, alipanda juu ya nini?"

Ulimi wa Redio ukaruka kama mbwa aliyesikia geti. *Shamba? Kichwa cha mama wa watu unakiita shamba?* Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakayakuta meno yamefungwa. Akauma mdomo wa chini, akatazama dari.

"Fundi, hicho ni kichwa cha mtu," akasema Muuguzi, mwanamke mpole aliyekuja akiwa bado na viatu vyake vya wodini. "Kavae miwani yako."

"Kichwa?" Fundi Saa akasogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. "Haya. Basi kimelimwa vizuri."

Kicheko kilipotulia, Mwenyekiti akapuliza chai yake, akanywa kidogo mno, akasimama mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuja silaha nzito.

"Ndugu zangu, chama hiki kimevumilia mengi. Tumevumilia bahari iliyolala upande. Tumevumilia vidole mbele ya lenzi. Lakini sikio! Nani amelikata sikio hili katikati, na sikio limemkosea nini? Ama liingie lote, ama litoke lote. Nusu sikio sikubali, na nitakufa sikubali!"

Loo! Laiti mngaliiona ngome ikitikisika! Kwa maana Redio alikuwa na jibu, jibu kamili, jibu lenye miguu na mikono: mama mkwe alikuwa amepoteza hereni moja, na alikuwa ameapa kwamba hataonekana na sikio tupu hata na malaika. Neno moja tu, *hereni*, lingemnyamazisha Mwenyekiti mbele ya kadamnasi. Lilimjaa mdomoni likamvimbisha mashavu. Shujaa wetu akashika ncha ya mtandio wake, akaisokomeza kinywani, akaing'ata kama mtu anayeng'olewa jino.

"Jamani, mbona Redio kimya?" Fundi Saa akauliza. "Dada, unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Mafua?"

Akatikisa tena. Chumba kizima kikamgeukia, na kila mtu akajua picha ni ya nani. Ila sheria haikukataza kujulikana, ilikataza kusema. Mwenyekiti akaitazama ile ncha ya mtandio, akaitazama chai yake, na badala ya kunywa akaikoroga upya. Hakika uadui wa watu wema hauna huruma.

Hapo akainuka mtu ambaye Redio alimwogopa kuliko wote. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuza miwani, aliyejiunga na chama mwezi uliopita. Wifi alisogea kwenye kamba. Nyuma ya lile nusu sikio palikuwa na kovu dogo la jipu la zamani, na hakuna mtoto asiyelijua kovu la mama yake. Redio akaona mgongo wa wifi unakakamaa. *Nimekwisha,* akajisemea. *Ataniuliza kwa nini namwanika mama yao mbele za watu, nami siwezi hata kusema kwamba niliruhusiwa.*

"Huyu mtu namjua," wifi akasema polepole. "Simtaji."

Muuguzi akasimama kando yake.

"Mimi simjui," akasema Muuguzi, "ila naijua hiyo shingo. Nashika shingo za watu kazini kila siku. Nikimwambia mtu alegeze, anasema amelegeza, kumbe amekaza kama mlango. Mtu haiachii shingo yake ovyo. Sasa mwangalieni huyu alivyoinama. Mabega yako chini, shingo yote kaiacha. Huyo aliyesimama nyuma yake, yeyote yule, anaaminiwa sana."

Mtandio ulimtoka Redio kinywani pasipo yeye kujua.

"Na hilo ndilo linalonishangaza," wifi akasema, bado akiitazama picha. "Huyu kichwa chake hakupata kumwachia mtu. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anajisuka mwenyewe mbele ya kioo mpaka mkono unamfa ganzi. Mimi nimemwomba mara ngapi? Ananiambia, mikono yako mizito, niache. Mimi, jamani! Nilijua siku hizi anasukwa mahali. Sikujua anakaa hivi."

Enyi mliopata kusimama mbele ya mafuriko, semeni ninyi! Kwa maana sasa hapakuwa tena na suala la kuitetea picha. Sasa maswali yote ya miaka ya ndoa yalipanda kooni kwa pamoja: *Hata wewe hakupi kichwa chake? Kwa hiyo ule ukimya? Kwa hiyo ile miguno?* Macho yakamlengalenga. Kila kitu ndani yake kilitaka kupiga kelele, na kikombe cha Mwenyekiti kilikuwa bado kina chai.

Lakini Redio akabaki kimya. Si mtandio uliomzuia safari hii, wala meno. Alikuwa anataka kusikia zaidi.

Mwenyekiti akamwona. Mzee yule mkali, mtetezi wa masikio kamili, akainua kikombe, akaimeza chai iliyobaki kwa mkupuo mmoja, nayo bado ikiwa ya moto, hata machozi yakamtoka. Akagonga kikombe kwa kijiko.

Ngriiing!

Kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe, picha ya Redio ilikuwa bado imesimama kwenye kamba.

"Mwenye picha ajitokeze na aseme," akatangaza Mwenyekiti kwa sauti ya mtu aliyeungua koo. Wote wakaegemea viti vyao, wakijiandaa kwa hotuba ya mpaka magharibi.

Redio akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akapangusa macho kwa ule mtandio uliolowa.

"Ni mama mkwe," akasema. "Mimi siku zote nilidhani hanipendi."

Akaketi. Hayo tu.

Fundi Saa alikuwa wa kwanza kushika kamera. "Haraka, jamani, kabla hajaanza! Mdomo umefungwa! Nani ana picha ya Redio mdomo umefungwa?" Hapakuwa na aliyekuwa nayo. Kamera na simu zikainuliwa zote kwa pamoja, Redio katikati yao analia na kucheka, na Fundi, ambaye miwani yake ilikuwa bado kibandani, alipiga picha ukuta.

Wifi akaja akaketi kando yake, bega kwa bega. "Wifi, nakala moja umpelekee mama."

"Nitampelekea kesho. Nitamweleza yote, Muuguzi alivyosema, na ulivyosema wewe, na..."

"Usimweleze kitu. Mpe tu mkononi, kisha ukae naye."

"Nikae kimya?"

"Kimya, wifi. Leo si umeweza?"

Basi na ijulikane kwa waliopo na watakaokuja, na wafundishwe watoto wa wapiga picha wote hata wale wanaokata masikio: kwamba palikuwa na msusi mmoja ambaye ulimi wake haukuwa na swichi, naye alinyamaza kikombe kizima cha chai ya moto, akashinda, picha yake ikabaki kwenye kamba, na kesho yake alasiri akanyamaza tena, sebuleni kwa mama mkwe, muda mrefu kuliko kikombe chochote, mpaka yule mama, akiwa ameishika picha karibu na dirisha, akaguna, kisha akavuta kigoda akakaa chini mbele yake, akampa kisogo.