Mshenga wa Malkia wa Mlima

Kamusi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, nusu ya kidevu imejaa povu, aliposikia sauti aipendayo kuliko zote duniani: sauti ya mtu anayetaka kitu mpaka akili imemruka.

"Amenikataa tena!" Kinyozi alipiga kelele, mkono mmoja wembe, mkono mwingine simu. "Mara ya tisa!"

Kamusi hakutikisika. Mtu mwenye wembe karibu na koo lako husikilizwa kwa adabu. "Nani huyo asiye na macho, kaka?"

"Malkia wa Mlima."

Watu walimwita Kamusi kwa sababu hakukuwa na jambo lililomkosesha neno. Kazi yake haikuwa na jina, ila matokeo yake yalijulikana mji mzima. Aliwahi kumuuza mbwa mmoja kwa watu watatu, na mbwa mwenyewe, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, akarudi kwake kila mara.

Kinyozi akaeleza huku akinyoa, na kwa bahati alinyoa vizuri kuliko alivyoeleza. Ulikuwa mchezo wa kwenye simu uitwao Taji na Moyo. Nusu yake ni vita: unapanga askari kwenye miraba kama kete za drafti, wapiga mishale nyuma, farasi pembeni, na mchawi mmoja wa kurusha moto mambo yakiharibika. Nusu ya pili ni posa. Kuna watawala wasiopigika hata ulete jeshi gani. Hao hubembelezwa kwa barua na maua, na wakikubali, mnafunga ndoa, na karamu ya harusi ikiisha ngome zenu zinakuwa kitu kimoja. Nyuma ya mtawala yeyote angeweza kuwepo mtu yeyote wa mjini mwenye simu, maana wote walijificha kwa majina ya kubuni.

"Duka la simu la mtaa wa juu limeweka pikipiki mpya dirishani," alisema Kinyozi. "Atakayekuwa na ngome zote saba Jumamosi saa sita mchana, ni yake. Mimi ninazo sita! Bado moja tu, ya huyu mwanamke mwenye moyo wa jiwe."

"Na pikipiki ya nini wewe mwenye kiti kizuri namna hii?"

Kinyozi alishusha wembe. "Mwenye nyumba anakitaka chumba hiki mwisho wa mwezi, ageuze stoo. Sina pa kwenda. Nikiwa na pikipiki, nitavifuata vichwa huko huko viliko. Nisipoipata, mimi na mama tutakula nini?"

Pazia la chumba cha nyuma likafunuka, ukatokea uso wenye miwani. Alikuwa mama yake Kinyozi, mwalimu mstaafu, aliyeshinda humo na simu yake sikioni. "Mnapiga kelele," alisema. "Nasikiliza mahubiri."

"Samahani sana, mama," alisema Kamusi.

"Wewe bado hujapata kazi?"

"Niko kwenye mchakato, mama."

"Mchakato wa miaka sita," alisema mwalimu, akafunga pazia.

Kamusi akapunguza sauti. "Hebu nionyeshe ulichomwandikia malkia."

Kinyozi akamsogezea simu. Barua ya kwanza ilisema: *Habari. Naomba ngome.* Malkia alikuwa amejibu: *Kaoge kwanza.* Ya pili: *Habari za leo. Bado naomba ngome.* Jibu: *Rudi nyumbani ukale, utapata vidonda vya tumbo.* Zilizofuata zilikuwa za aina hiyo hiyo, zikizidi kuwa fupi.

Kamusi alifumba macho kama daktari aliyeletewa mgonjwa akiwa amechelewa. "Kaka, kosa si la malkia. Kosa ni kwamba umejipeleka mwenyewe. Wapi umeona bwana anajiposea? Mtu hutuma mshenga."

"Mshenga kwenye gemu?"

"Mapenzi ni mapenzi. Niachie mimi. Ila mshenga haendi mikono mitupu, ataonekana kishoka, dalali wa mitaani tu. Ziandike hizo ngome sita kwa jina langu, amana tu. Siku ya harusi nakurudishia zote, na mke juu."

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. "Na wewe unapata nini?"

"Thawabu."

Mtu mzima akikuambia hivyo, ndugu msomaji, shika mfuko wako. Lakini Kinyozi alikuwa ameshaiona pikipiki ikimsubiri mlangoni. Alichohofia ni kingine kabisa. "Nakwambia mapema," alisema, "pikipiki sigawani na mtu!"

"Nani ametaja kugawana?" aliuliza Kamusi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anasema kweli.

Kabla povu halijakauka, ngome sita zilikuwa zake. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa muuza nyama, akamuuzia pikipiki.

Muuza nyama hakuwa mtu wa maneno. Alitoa kwanza suti yake ya harusi, ambayo tumbo lilikuwa limeikataa miaka mingi, akaongeza saa ya mkononi na maini kila asubuhi. Mengine yangefuata pikipiki ikifika. "Jumamosi saa sita iwe hapa mbele," alisema. "Isipokuwepo..." Hakumaliza. Aliinua shoka dogo akalishusha juu ya mfupa, na Kamusi akaielewa sentensi yote.

Ikaanza kazi ya posa. Kamusi aliketi kitandani ndani ya suti, akaandika: *Malkia, nimevuka milima saba, sikuchoka mpaka niliposikia jina lako, miguu ikaisha nguvu.*

Jibu lilikuja mara moja. *Kwenye ramani milima ni mitatu. Wewe ulikuwa unazunguka wapi?*

*Mapenzi hayana ramani.*

*Ndiyo maana wenye nayo wanapotea. Na huyo aliyekutuma yuko wapi?*

Kamusi alicheka peke yake. Lazima tuseme kweli hata pale inapomstahi tapeli: alifurahi. Miaka yote alikuwa amewauzia maneno watu wanaotoa macho tu; huyu alimrudishia kila neno likiwa limenolewa. Siku ya pili alimtumia maua ya barafu aliyoyateka kwenye pango la joka. Malkia akasema yamekaa vizuri, ila pango lile lina hazina upande wa kushoto, na mwenye macho angeiona. Siku ya tatu Kamusi aliamka na kuitazama simu kabla hata ya kufikiria maini.

Siku hiyo ya tatu akatupa ndoano. *Huyo mfalme aliyenituma simsemei tena. Ngome sita ni zangu. Nakutaka mimi mwenyewe.*

Kamusi alikuwa ameshaanza kung'ata kidole jibu lilipokuja.

*Na yule aliyekuamini?* aliuliza malkia.

*Mapenzi yamenizidi nguvu.*

*Haya,* akaandika malkia. *Jumamosi saa nne asubuhi. Ila sitaki harusi ya watu watatu kana kwamba unanionea aibu. Lete askari wako wote. Na sheria ya harusi unaijua: silaha zinabaki getini.*

Akili ilimnong'oneza Kamusi kwamba ngome sita zingebaki tupu. Tamaa, iliyokuwa imevaa suti, ikamjibu kwamba ni kwa saa moja tu, na bibi harusi ni bibi harusi.

Jumamosi asubuhi alifika kwa Kinyozi akinukia manukato. Asingeweza kukwepa, Kinyozi alikuwa ameng'ang'ania kuiona harusi yake kwa macho yake. Walikaa bega kwa bega juu ya benchi, wakitazama simu ya Kamusi. Askari mia nne walipanda mlima, wakaweka mikuki na pinde getini, wakaingia wamenawa uso.

"Mbona pale limeandikwa jina lako?" aliuliza Kinyozi.

"Mshenga hutangulia, kaka. Tulia."

Kwenye kioo cha simu malkia alishusha shela, kuhani akasoma maneno, na maandishi ya dhahabu yakatokea: NDOA IMEFUNGWA. Tarumbeta zikalia.

Kisha tarumbeta zile zile zikalia nyuma ya pazia.

Kinyozi aligeuka. Kamusi hakugeuka, alikuwa anatazama simu, ambako geti la mlima lilikuwa likifungwa taratibu kwa ndani, na wageni wake mia nne wakiwa wameshika vikombe. Halafu habari zikaanza kushuka. Ngome ya Mto, imetekwa. Ngome ya Mchanga, imetekwa. Ngome ya Mnara... Askari wa malkia walikuwa wamejificha msituni tangu alfajiri, na sasa waliingia katika ngome ambazo hazikuwa na hata paka.

Zilipotimia sita, pazia likafunuka. Mwalimu mstaafu alitoka na simu mkononi, miwani puani, akamtazama Kamusi kama mwanafunzi aliyenakili mtihani wa jirani yake.

"Bwana harusi," alisema, "hujambo?"

"Mama?" alisema Kinyozi. "Wewe ndiye Malkia wa Mlima?"

"Ulitaka awe nani? Mara tisa mwanangu wa kumzaa ananiletea posa! Ulitaka nikubali?"

"Si ungeniambia!"

"Nikuambie nimeacha mahubiri, nacheza gemu? Uso wangu ningeuweka wapi?" Alivua miwani akaifuta. "Kila nikikukataa nakusikia hapa unapiga kelele, na roho inaniuma. Na mimi ngome zako nisingeziweza. Ulizilinda vizuri, hilo nakusifu. Mpaka ulipompa huyu. Nilikusikia ukimwandikia hizo ngome. Nikasema, ngoja nione kama ni mshenga kweli. Nilimuuliza mara mbili habari zako, asije akasema sikumpa nafasi."

Kinyozi alimgeukia Kamusi polepole. Wembe ulikuwa mezani, na Kamusi aliuona.

"Kaka, hayo ni mambo ya gemu tu," alisema Kamusi, akisogea mlangoni.

Mlangoni akagongana na tumbo. Muuza nyama alikuwa amemfuata ili aisindikize pikipiki yake, akayasikia yote.

"Suti," alisema muuza nyama.

Kamusi alivua koti, shati la ndani likaonekana, kisha akavua suruali. Mwalimu aligeukia ukutani kwa heshima. Kinyozi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimrushia shuka la kunyolea ajisitiri.

"Saa." Kamusi akaivua. "Maini," aliendelea muuza nyama.

"Yameliwa, ndugu yangu."

"Basi utanikatia mifupa mpaka yaishe. Jumatatu, alfajiri."

Mwalimu alikwisha kuchukua mkoba wake. "Mwanangu, twende kwenye duka la simu kabla ya saa sita. Pikipiki itakuwa yangu, wewe utakuwa dereva. Jumapili unanipeleka ibadani. Siku nyingine zote fuata vichwa vyako."

Kinyozi alimkumbatia mama yake, akambeba mpaka miguu ikaacha sakafu. Alipomshusha alikuwa akifuta machozi, hakuona haya. Kisha akasimama ghafla, uso umeingiwa na wazo.

"Mama, lakini ile ndoa. Imevunjika?"

"Ivunjike kwa nini? Imefungwa, na mashahidi mia nne bado wako ndani."

Kinyozi alimgeukia Kamusi, aliyesimama katikati ya chumba na shuka lake lililojaa vinywele. Akakunja magoti kidogo, akainamisha kichwa kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Shikamoo, baba."

Kamusi alitazama mlango. Muuza nyama alikuwa bado ameujaza, mikono kifuani, naye alionekana anasubiri jibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.