Karasha Lingurume Saa Sita na Nusu

Ndugu Mwenyekiti Maige na Wajumbe wote wa Kamati ya Wenye Makarasha, Buseresere,

"Mtoto hafundishwi kulala. Akichoka atalala mwenyewe, kama ndama." Hayo ni maneno ya Katibu wenu, Ndugu Stanslaus, aliyoyatoa Jumanne kikaoni mbele ya watu wazima, baada ya mimi kuomba dakika tatu na kupewa mbili. Nayajibu kwa maandishi kwa sababu maandishi hayakatizwi na kicheko.

Ndama nimewachunga Tarime kabla Katibu hajaota meno. Ndama halali kwa kuchoka. Hulala kwa sababu mama yake amelala. Kila kiumbe ana kinachomlaza. Mjukuu wangu Violeth, mwenye mwaka mmoja na miezi saba, hulazwa na karasha lenu. Amezaliwa nyumba ya pili kutoka kwenye hilo pipa la chuma linalosaga mawe ya dhahabu. Likianza kuzunguka, anafumba macho. Likizimwa, anafumbua. Hilo si deko. Ni malezi mliyompa bila kuombwa, na mlezi haachi kazi katikati.

Sasa Nesi Eufrasia wa kliniki ameniambia kwamba mtoto wa umri huu aache kulala mara mbili mchana, abaki na mara moja, baada ya chakula. Usingizi wa asubuhi usogezwe mbele robo saa kila baada ya siku mbili tatu, mpaka ufike saa sita na nusu. Nimesoma vitabu vitatu ili nimpinge, vyote vikamuunga mkono.

Kikwazo ni ratiba yenu. Saa nne karasha linanguruma, Violeth analala. Saa sita linazimwa, anaamka. Saa tisa linawashwa, analala tena. Jua likizama ana nguvu za mgambo, na hakamatiki mpaka saa tano, baada ya kuzikagua sufuria zangu zote kwa mwiko. Mama yake, Aneth, anayepika mgahawani Songwa, ameniandikia kwamba atakuja Jumapili ya wiki ijayo, na akikuta mambo ni yale yale ataondoka na mtoto. Aneth hatishi mtu bure. Nimemlea mimi, namjua. Na nyumba yenye sufuria zilizotulia kwenye rafu sitaiweza.

Kwa hiyo nawasilisha yafuatayo:

1. Karasha lisiwashwe asubuhi. Ikishindikana kulizima ghafla, lichelewe robo saa kila baada ya siku tatu, kama Nesi alivyoelekeza. Wachimbaji watazoea. Wao ni watu wazima na hawalii wakicheleweshewa, isipokuwa yule mmoja.

2. Saa sita na nusu hadi saa nane lingurume bila kukoma, tena kwa mawe magumu. Jumatano mlisaga udongo laini kutoka mashimo mapya, karasha likatoa sauti ya uji unaochemka. Violeth alifungua jicho moja, akasikiliza, akaomba maji. Naomba kila kiroba kipimwe ugumu kabla ya kuingia kwenye pipa. Nipo tayari kupima mwenyewe.

3. Kuanzia saa tisa, migongo yote ya mtaa ifungwe. Jirani yangu Mama Rhoda humfunga Violeth mgongoni kwa kanga akienda kuteka maji saa kumi. Mtoto anasinzia dakika tano, na dakika tano hizo zinakula saa tatu za usiku. Nilipomweleza alinijibu, "Bibi Violeth, mgongo wangu hauna saa." Najua migongo haiko chini ya Kamati. Lakini hata makarasha hayakuwa chini ya mtu yeyote mpaka nilipowaletea saini.

4. Umeme ukikatika, pipa lizungushwe kwa mikono. Kuna wachimbaji kumi na wawili wanaocheza drafti bandani kwenu wakisubiri zamu ya kusaga. Mikono wanayo.

5. La mwisho linamhusu Mwenyekiti binafsi, na naliandika kwa heshima zote: shikamoo. Una miaka sitini na moja, na unalala mara mbili mchana, saa nne na saa tisa, kwenye kiti cha ofisi, karasha likinguruma. Tunakuona, dirisha halina pazia. Wewe na Violeth mmelelewa na chuma kimoja. Tofauti ni kwamba mwenzako anajitahidi kuacha. Akifaulu kabla yako, nitaomba kiti hicho apewe yeye.

Mtasema: si ni wewe, Mama Aneth, uliyekusanya saini arobaini na moja mwaka juzi ili karasha lizimwe saa sita hadi saa tisa, watu wapumzike? Ndiyo, ni mimi. Kila saini niliifuata mlangoni. Lakini mwaka juzi Violeth hakuwepo. Mtu asiyebadili mawazo ni jiwe, na jiwe mahali pake ni karashani.

Katibu aliposikia hayo Jumanne alisema, "Bibi, wewe mwenyewe ni karasha, tena lisilohitaji umeme." Wajumbe walicheka, na Mwenyekiti aliamka ili acheke. Nimehifadhi haki yangu ya kujibu.

Wabeja kwa kusoma hadi hapa. Nisalimieni wasagaji, wenye mashimo, mama anayewapikia wali bandani, na yule mchimbaji anayelia.

Wenu katika hoja,
Bhoke Januari,
kwa niaba ya Violeth, ambaye ametia saini kwa uji (tazama kona ya chini).

Nyongeza: Barua hii ilikuwa iwafikie Ijumaa. Leo ni Jumatatu na bado ninayo. Ijumaa, saa sita na nusu, niliisoma kwa sauti ili nisikie kama inauma. Karasha lilikuwa kimya. Asubuhi nilikuwa nimempeleka Violeth stendi kuangalia mabasi ya Biharamulo, ambako halisikiki. Nilipofika hoja ya tatu alikuwa amelala mkekani. Nikanyamaza nimtazame, akafumbua jicho. Nikaendelea, akafumba. Niliisoma mara nne, mpaka saa nane. Lilipowashwa saa tisa aliligeukia kidogo, akarudi kwenye sufuria. Saa mbili usiku yuko kitandani. Jumamosi hivyo hivyo, Jumapili hivyo hivyo.

Leo ameamka kwenye hoja ya nne. Nadhani barua hii ameshaizoea.

Basi ndugu Wajumbe, liacheni karasha lilivyo. Stanslaus, ulichosema Jumanne nimekipokea, ila usikirudie. Mwenyekiti, lala. Ninachodai kwenu wote ni kimoja: nikatalieni. Nikatalieni kwa maandishi, kurasa mbili au zaidi, kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu, na barua inifikie Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Aneth anakuja Jumapili, na sina kitu kingine cha kukasirikia kwa sauti.