Gesi ya Kyejo Kwenye Jiko la Bushiri

Petroli ilikuwa imepanda tena. Hasheem, ambaye kijiwe kizima kilimwita Redio kwa sababu hazimwi, alifika kwenye benchi la kahawa la Bushiri kabla mvua ya Tukuyu haijamaliza kudondoka.

"Mmesikia? Dar magari yanatembea kwa gesi! Petroli wamewaachia washamba."

"Washamba ndio sisi," Bushiri akasema huku akimimina. "Si soko huria? Wao huru, sisi soko."

Ambilikile, Injinia wa kijiwe, yule aliyewahi kufungua injini ya pikapu yake akairudisha na kubakiwa na nati kiganja kizima, akajipiga kofi gotini.

"Gesi si ipo hapa kwetu Kyejo! Inatoka ardhini yenyewe, hata hodi haijapigiwa. Malori yanaibeba ikatiwe kwenye soda."

"Halafu tunauziwa upepo wetu kwenye chupa," akadakia Redio, "tunaubeua bure!"

Tusekile, mke wa Injinia, alikuwa pembeni akichoma magimbi. Masikio yalikuwa benchini, macho kwa mtamba wake aliyefungwa kwenye nguzo ya umeme. Asubuhi mumewe alimtoa zizini bila kusema neno. Sasa akaelewa, maana Fred Mtaalamu, kijana wa Mbeya mwenye viatu vilivyochongoka kama sindano, alikuwa anakuja na mtungi begani.

"Mzee Injinia, mambo tayari! Gesi ya Kyejo hii hapa. Nafunga kwenye pikapu, naondoka na ng'ombe, petroli utaisikia kwa majirani."

"Ng'ombe yupi, mwanangu?" akauliza Tusekile.

"Mama Tulia, haya ni mambo ya injini," mumewe akamkatiza.

"Gwe, wewe! Huyo ni wa mahari ya binti yetu Tulia. Madume mmeyala na ndugu zako, nikabakiwa na huyu. Leo unamtia kwenye tenki?"

"Maendeleo yanataka moyo!"

"Toa moyo wako. Ng'ombe ni wangu."

Benchi likaangua kicheko. "Injinia, pancha hiyo!" Redio akapiga kelele.

Tusekile angeweza kufoka, lakini miaka yote ile mumewe alisikia kufoka kwake kama mvua juu ya bati: unaacha inyeshe, unalala. Akatia asali kwenye sauti.

"Basi mwanangu Fred, mimi mjinga, shule yangu iliishia kwenye kuhesabu maembe. Gesi ya kusukuma pikapu na mikungu ya ndizi kutoka Masoko haishindwi na birika moja, au siyo? Hebu tia kwenye jiko la Bushiri, tuuone huo moto."

Fred akacheka. "Mama, kaa mbali, usije ukaungua nyusi!"

Watu wakarudi nyuma. Bushiri akakunja kanzu tayari kwa mbio. Injinia peke yake akabaki mbele, kifua nje, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Fred akaelekeza mpira wa mtungi kwenye jiko, akafungua koki.

Fyuuu! Majivu yakapaa, makaa yakafumba macho, birika likanyamaza. Fred akawasha kiberiti. Kikafa. Akawasha kingine. Nacho kikamfuata mwenzake.

"Hongera, Injinia," akasema Redio. "Mwendo bado, lakini breki umepata."

"Labda... gesi ya huku ina baridi," Fred akajitetea.

"Baridi!" Bushiri akafoka. "Umeniulia jiko kwa gesi ya soda, mwanaharamu wewe! Nirudishie moto wangu!"

Fred akabeba mtungi, akaondoka mbiombio, vile viatu vikimtelezesha kwenye tope.

Injinia akajipangusa majivu kwenye nyusi. "Sayansi ina majaribio yake. Sasa jamani, nisaidieni kusukuma pikapu hadi nyumbani, haina hata tone la petroli."

Hapo benchi zima likakumbuka shughuli. Redio ana msiba Kisiba. Bushiri anatafuta makaa. Mwingine mgongo umemkaza papo hapo. Kijiwe kikabaki na mume na mke.

Tusekile akafungua kamba kwenye nguzo, akampiga mtamba kofi la upole mgongoni.

"Twende, Baba Tulia. Huyu anatumia majani, na moshi wake ni samadi, nautia migombani."